Mpangilio wa mipigo katika herufi za Kichina: dalili za makosa, sababu zake na marekebisho

Malalamiko ya wanaojifunza kuandika Kichina kwa mkono hayabadiliki sana: herufi imeegemea upande, kisanduku hakifungi, simu inaleta herufi nyingine, kamusi haionyeshi kitu, video mbili zinapingana. Yote hubebeshwa sababu moja, kwamba mtu hajakariri mpangilio. Mara nyingi sababu si hiyo. Mwandishi hajui mpigo mmoja unaanzia wapi na unaishia wapi, kwa hiyo hata akikariri hatua, anakariri hatua zisizo zenyewe. Anza hapo, kabla ya kugusa kanuni yoyote.

Ukaguzi wa kwanza: je, unajua kuhesabu mpigo?

Mpigo mmoja ni kazi yote inayofanywa na kalamu tangu iguse karatasi hadi iinuliwe. Kona si mpigo mpya. Herufi 口 (mdomo) ina pande nne lakini mipigo mitatu tu, kwa sababu upande wa juu na upande wa kulia huandikwa bila kuinua kalamu.

Aina za msingi ni nane. Héng 一 ni mlalo, kutoka kushoto kwenda kulia. Shù 丨 ni wima, kutoka juu kwenda chini. Piě 丿 hushuka kuelekea kushoto, nà ㇏ hushuka kuelekea kulia. Diǎn 丶 ni nukta. Tí ㇀ ni mpigo mfupi unaopanda kuelekea kulia; huu peke yake ndio unaokwenda juu. Zhé ni kona, na gōu ni ndoano ndogo mwishoni mwa mpigo. Mipigo mingine yote ni michanganyiko ya hiyo.

Kwa kujipima, hakuna kifaa kizuri kuliko simu. Kibodi nyingi za Kichina, pamoja na ya iPhone, zina njia ya kuingiza herufi kwa mipigo, inayoitwa bǐhuà. Ina vitufe vitano:

1. 一: héng, na tí pia
2. 丨: shù, pamoja na shù yenye ndoano inayoelekea kushoto
3. 丿: piě
4. 丶: diǎn, na nà pia
5. 乛: kila mpigo wenye kona au mkunjo, na shù yenye ndoano inayoelekea kulia

Bonyeza mipigo kwa mpangilio unaoamini kuwa sahihi, usiishie njiani hata kama simu imekwisha kuileta herufi. Herufi ikitoweka kwenye orodha baada ya kitufe fulani, kosa liko kwenye mpigo huo au uliotangulia. Jipime kwa hizi kumi, kwa namba za vitufe:

小 234, 女 531, 区 1345, 火 4334, 方 4153, 出 52252, 必 45434, 我 3121534, 这 4134454, 国 25112141

Ukizipata zote bila kuchungulia, mpangilio si tatizo lako. Nenda moja kwa moja kwenye dalili za simu, za kusahau au za mkono. Ukikosa zaidi ya nne, soma yote kwa utaratibu.

Dalili: kisanduku hakifungi, au kilichomo ndani kinabanwa

Hutokea kwenye 口, 日, 四, 回, 国, 园 na ndugu zao.

Sababu inayoongoza ni kuchora mraba mzima kwa mzunguko mmoja, kama tulivyofundishwa kuandika o darasa la kwanza. Dalili ndogo ya kuthibitisha: pembe ya chini kulia imeviringika na pembe ya juu kushoto ina mwanya au mistari iliyopishana. Tiba: andika 口 ukihesabu kuinua kalamu. Shù ya kushoto, inua. Juu kwenda kulia na kushuka bila kusimama, inua. Héng ya chini, kutoka kushoto kwenda kulia. Kalamu imepanda mara mbili katikati ya kazi. Ikiwa imepanda mara moja au haikupanda kabisa, umerudi kwenye o.

Ya pili ni kufunga mapema. Walimu wa Kichina huwaambia watoto: ingia kwanza, kisha funga mlango. Katika 国 unaandika shù ya kushoto, kisha mpigo wa juu na kulia, halafu 玉 yote yenye mipigo mitano, na mwisho kabisa héng ya chini. Mipigo minane. Ukifunga kabla, 玉 inalazimika kuingia kwenye nafasi uliyoikadiria vibaya, na nukta yake ndiyo inayokosa mahali. Katika 田 vivyo hivyo: kushoto, juu na kulia, héng ya ndani, shù ya ndani, kisha héng ya chini, yaani 25121.

Ya tatu inawasumbua hata waliokwisha kujua hayo: visanduku vyenye upande mmoja wazi havifuati njia moja.

- Wazi chini (月, 同, 问): gamba la nje kwanza, kisha ndani.
- Wazi kulia (区, 医): héng ya juu, kisha vya ndani, kisha mpigo wenye kona unaoshuka kushoto na kupita chini.
- Wazi juu (凶, 画): vya ndani kwanza, gamba mwisho.

Ukichunguza, sababu ya zote ni ileile: mpigo unaobeba chini huandikwa mwisho, kwa sababu mpaka hapo ndipo unapojua mzigo wake una upana gani.

Ikiwa mpangilio ni sahihi na kisanduku bado ni kibaya, tatizo ni umbo. 口 huwa pana kidogo juu kuliko chini. 日 ni ndefu kuliko upana wake. Andika ndani ya miraba. Huhitaji kuagiza karatasi za tiánzìgé kutoka China: chukua daftari la hesabu la shule ya msingi, unganisha miraba minne, miwili juu na miwili chini. Mraba mmoja ukiwa na milimita 7, unapata kisanduku cha milimita 14 chenye msalaba tayari katikati. Chini ya milimita 10 anayeanza hawezi kuona makosa yake.

Dalili: herufi inaegemea, kushoto na kulia havilingani

Kwanza tazama mhimili. Herufi yenye mpigo wa kati na mbawa mbili huanza katikati: 小 (shù yenye ndoano, kisha kushoto, kisha kulia), 水 (2534), 办 (力 nzima kwanza, nukta mbili baadaye). Mpigo wa kati ndio unaopima umbali wa mbawa. Aliyeanza na mbawa hukadiria, na makadirio hukosea.

Halafu kuna zinazovunja kanuni hiyo, na ni chache kiasi cha kukaririwa tu. 火 huanza na nukta ya kushoto na mpigo mdogo wa kulia, kisha ndipo piě na nà za katikati. 忄, ile 心 inayosimama kushoto mwa 忙 na 快, huanza na nukta zote mbili na kumalizia na shù. 必 ni ngumu kuliko zote: wengi huandika 心 kisha huikata kwa piě, lakini kanuni ya China inasema nukta, mpigo uliolala wenye ndoano, nukta, piě, halafu nukta ya mwisho kulia. Piě ni ya nne, si ya tano.

Sababu ya pili ni mwelekeo wa mpigo mmoja mmoja. Hili haligunduliki kwa kutazama herufi iliyokamilika. Lazima mtu akutazame ukiandika, au ujirekodi kwa simu iliyosimamishwa juu ya meza. Waliosoma chuo cha Kurani tangu utotoni wakati mwingine huvuta héng kutoka kulia. Wengine huvuta piě kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa mkono wa kulia hupenda kupanda upande huo. Piě iliyovutwa kutoka chini hunenepa chini na kuwa nyembamba juu, kinyume cha inavyotakiwa. Huo ndio ushahidi wa kutafuta kwenye karatasi kama huna video.

Ya tatu ni karatasi iliyolazwa mshazari. Kwa herufi za Kilatini haina madhara. Kwa Kichina wima zote zinalala. Nyoosha daftari lilingane na ukingo wa meza. Héng yenyewe kwenye mwandiko wa kawaida hupanda kidogo kuelekea kulia, kwa hiyo usiilazimishe iwe kama ya rula.

Dalili: naandika kwa kidole, simu inaleta herufi nyingine

Watu hukimbilia kulaumu mpangilio. Kagua haya kwanza:

- Lugha ya kibodi. Ikiwa imewekwa Kijapani au Kichina cha jadi, haitarajii herufi zilizorahisishwa. Chagua Kichina kilichorahisishwa.
- Mwendo. Ukisimama katikati ya herufi, simu nyingi huchukua nusu uliyokwisha andika na kuifanya herufi kamili: 你 inakuwa 亻 na 尔. Amua mipigo yote kabla ya kugusa kioo.
- Ukubwa. Jaza eneo lote la kuandikia.
- Kuunganisha mipigo. Kidole hakiinuki vizuri kama kalamu, na mipigo miwili iliyoshikana husomwa kama mmoja wenye kona.

Ndipo uangalie mpangilio. Programu zinazotambua mwandiko hufuata njia ya kidole, si picha ya mwisho tu, ingawa nyingi huvumilia makosa ya kawaida. Ndiyo maana simu kuitambua herufi yako si cheti kwamba umeiandika sawa. Cheti ni kibodi ya bǐhuà.

Dalili: siioni herufi kwenye kamusi

Kamusi ya karatasi kama 新华字典 hutafutwa kwa bùshǒu, ile sehemu inayobeba ukoo wa herufi. Unahesabu mipigo ya bùshǒu, unaipata kwenye orodha, halafu unahesabu mipigo iliyobaki bila bùshǒu. Ukikosea kwa mpigo mmoja uko ukurasa usiohusika. 妈 ni bùshǒu 女 yenye mipigo mitatu, na 马 iliyobaki yenye mipigo mitatu. Anayehesabu kona za 马 hupata zaidi ya mitatu na kutafuta bure.

Sehemu zinazohesabiwa vibaya mara nyingi, na hesabu yake halisi:

阝 mipigo 2, 讠 2, 乃 2, 辶 3, 纟 3, 女 3, 马 3, 与 3, 艹 3, 长 4, 北 5, 凸 5, 凹 5

Kosa la kuzidisha hutokana na kona. Kosa la kupunguza hutokana na kuunganisha: upande wa kushoto wa 北 unaonekana kama umbo la L, lakini ni shù, héng, kisha tí, mitatu mbali mbali. Wakati huohuo mpigo wa tatu wa 长 ni shù iliyokunjwa ikawa tí, mmoja tu. Hakuna namna ya kubahatisha tofauti hii kwa jicho. Ifanyie jaribio la bǐhuà (北 21135, 长 3154).

Sababu nyingine ni kunakili kutoka chapa ya gazeti. Fonti ya Songti, inayotumika kwenye vitabu na magazeti, ina vipembetatu vidogo mwishoni mwa kila héng. Hivyo ni mapambo ya wachapaji. Wapo wanaovichora, na wapo wanaovihesabu kuwa nukta. Kwa kunakili tumia Kaiti, fonti inayofuata mwandiko wa mkono. Vitabu vya shule za msingi China huchapishwa kwa hiyo kwa sababu hiyohiyo.

Dalili: kitabu kinasema hivi, video inasema vile

Mara nyingi wote wako sahihi, kila mmoja kwao. Mpangilio wa mipigo ni kanuni ya nchi.

China bara ilitoa kanuni ya herufi 7,000 mwaka 1997. Inayotumika sasa ilitolewa mwaka 2020, ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Machi 2021, na inahusu herufi 8,105. Taiwan ina mwongozo wa wizara yake ya elimu wa mwaka 1996. Japani ina utaratibu wake wa shule. Tofauti utakazokutana nazo mapema:

王: China huandika héng mbili, kisha shù, kisha héng ya chini. Japani huweka shù mara tu baada ya héng ya kwanza. 田: China héng ya ndani hutangulia shù, Japani kinyume chake. 右 na 左: China zote mbili huanza na héng, Japani 左 huanza na héng lakini 右 huanza na piě. 成: China huanza na héng, Japani na piě. Kichwa cha majani 艹 kina mipigo mitatu China na Japani, minne Taiwan.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa video yoyote ni: anafundisha Kichina au Kijapani? Picha nyingi zinazotembea za mpangilio wa mipigo zilitengenezwa kwa ajili ya kanji, yaani herufi za Kichina zinazotumika katika Kijapani, na hazisemi.

Sababu ya pili ni simu yenyewe. Herufi za China na Japani zinatumia namba moja ya kompyuta hata pale maumbo yanapotofautiana, na simu ndiyo inayochagua umbo la kuonyesha. Jaribu 直 na 骨. Ikiwa 直 yako ina umbo la L linalokumbatia kutoka kushoto na chini, simu inakuonyesha fonti ya Kijapani. Kwa 骨 tazama kisanduku kidogo kilicho ndani ya sehemu ya juu: cha China bara kimekaa kushoto na herufi nzima ina mipigo tisa, cha Japani kimekaa kulia na mipigo ni kumi. Ingia kwenye mipangilio ya lugha, ongeza Kichina kilichorahisishwa na ukiweke juu ya Kijapani.

Ya tatu ni video ya mchoraji wa mwandiko wa brashi. Katika xíngshū, mwandiko wa mbio, mipigo huunganishwa na mpangilio hubadilika ili mkono upite vizuri. 有 kwa mfano huweza kuanza na piě. Ni sanaa yenye kanuni zake, haipingani na kitabu chako. Isubiri mpaka kǎishū, mwandiko uliosimama, uwe umetulia mkononi.

Chagua kanuni moja na ubaki nayo. Mtoto anayesoma shule ya Taiwan au ya Kijapani afuate ya shule yake, hata kama mzazi alijifunza ya Beijing.

Dalili: herufi ikiwa peke yake ni nzuri, ikiingia kushoto mwa nyingine inaharibika

Hili halisemwi vya kutosha kwenye vitabu vya wanaoanza. Sehemu ikisimama kushoto, héng yake ya mwisho hugeuka kuwa tí, ili kalamu imalizie ikiwa imeelekea kulia, mahali inapokwenda kuanza sehemu nyingine. 土 katika 地, 王 katika 玩: mpangilio uleule, mpigo wa mwisho tu umepanda.

Lakini 牛 na 车 hubadili hata mpangilio. 牛 peke yake ni piě, héng, héng, shù. Kushoto mwa 物 inakuwa piě, héng, shù, tí. 车 peke yake ni 1512; kushoto mwa 轻 shù hutangulia na tí humalizia. Anayebeba mpangilio wa awali hujikuta na shù inayomtupa chini wakati mkono unahitaji kwenda kulia, na nafasi kati ya sehemu mbili inakuwa pana mno.

Upande wa 辶 na 廴: hubebwa kushoto na chini, huandikwa mwisho. 这 ni 文 kwanza, 建 ni 聿 kwanza. Ila 走 katika 起 na 是 katika 题 huandikwa mwanzo, ingawa nazo zinanyoosha mguu chini ya mwenzake. Zikariri.

Dalili: najua sahihi, lakini mkono unaandika vibaya

Mazoea yameshika. Kosa la kawaida la kurekebisha ni kushughulika na herufi moja moja. Rekebisha sehemu. Anayeandika 力 kwa kuanza na piě anakosea pia 办, 动, 男, 加 na kila inayoibeba. Kuitibu 力 ni kuzitibu zote. Fanya hivi:

Tafuta sehemu moja tu yenye kosa. Iandike polepole mara tano peke yake, ukitaja jina la kila mpigo kwa sauti. Kisha andika herufi nne tofauti zinazoibeba, mara mbili kila moja. Rudia siku inayofuata bila kutazama mfano. Usichukue sehemu ya pili mpaka ya kwanza itoke sahihi bila kuitaja.

Jozi moja inastahili tahadhari: 九 huanza na piě (35), 力 humalizia na piě (53). 万 na 方 ziko upande wa 力, piě mwisho, na hata wenyeji wa lugha hukosea hapo.

Dalili: naisoma, nikishika kalamu imepotea

Wachina wenyewe wana jina la hali hii, tíbǐ wàngzì, kuinua kalamu na kusahau herufi; kuchapa kwa pīnyīn, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini, kumeieneza. Kwa anayejifunza sababu kubwa ni kunakili mstari mzima huku mfano uko mbele ya macho. Baada ya mara ya tatu mkono unanakili tu, akili imekwenda zake.

Herufi mpya nane hadi kumi kwa kikao zinatosha. Kila moja: tazama, igawe (想 ni 木, 目 na 心, mipigo 13 katika vipande vitatu), andika mara tatu ukitazama, funika, andika mara mbili bila kutazama, funua na ukague. Kesho yake ujifanyie imla kabla ya kufungua kitabu. Zilizokwama ndizo zinazoingia kwenye kikao cha siku hiyo.

Pia jiulize kama unahitaji kuandika kila unachosoma. Viwango vya Kichina vilivyotolewa na China mwaka 2021 vinatenga orodha ya kuandika kwa mkono yenye herufi 1,200 hadi ngazi ya juu, na 300 tu kwa ngazi ya awali. Msahihishaji wa mtihani wa HSK (mtihani wa Kichina kwa wageni) wa karatasi anaona herufi iliyokamilika, haoni mpangilio wako. Shule ya msingi China ni jambo jingine: huko mtoto huulizwa mpigo wa tatu wa herufi fulani ni upi.

Dalili: mkono unauma

Geuza ukurasa. Ikiwa kidole kinahisi mipigo upande wa nyuma hata kwenye karatasi ya pili, unakandamiza. Badili kalamu ya wino mzito kwa penseli ya 2B au kalamu ya jeli, na ushike mbali kidogo na ncha. Watoto wa shule China hufundishwa vipimo vitatu: jicho chǐ moja kutoka kwenye kitabu (kama sentimita 33), kifua ngumi moja kutoka mezani, vidole cùn moja kutoka kwenye ncha (kama sentimita 3.3). Pumzika kila dakika 20.

Wanaotumia mkono wa kushoto hawana mpangilio wao tofauti. Mpangilio na mwelekeo ni uleule, ila héng kwao husukumwa badala ya kuvutwa. Hapa karatasi inaruhusiwa kulala: izungushe kidogo ili ukingo wa juu uelekee kulia, mkono ukae chini ya mstari, na utumie wino unaokauka haraka.

Simama hapa, tafuta mtu

Ganzi, vidole kuchomachoma, au maumivu yanayobaki baada ya kupumzika siku mbili tatu: acha kuandika, umwone daktari au mtaalamu wa viungo. Usiyasukume kwa dawa ya maumivu ili umalize daftari.

Mtoto anayegeuza herufi kushoto kulia kwa muda mrefu, na pia anapata shida kusoma Kiswahili, apimwe macho kwanza, kisha aonwe na mwalimu anayejua matatizo ya kujifunza. Kumwongezea kurasa za kunakili hakumsaidii.

Umerekebisha sehemu ileile wiki tatu na inarudi: unahitaji jicho la mwalimu, kwa sababu kosa liko kwenye mwendo ambao wewe huuoni. Taasisi za Confucius zipo Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005, na Tanzania zipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma. Mpelekee video ya mkono ukiandika, si daftari peke yake. Na brashi usiianze bila mtu wa kukushikisha: mkao mbaya wa brashi huchukua muda mrefu kuutoa kuliko kosa lolote lililotajwa hapa.